Kinga ya umeme inazimika ku mlima: kabla ya kununua betri ingine, soma namba za skrini



Fikiria mazungumzo haya mbele ya mlango wa fundi, hapa Bukavu, upande wa Kadutu:

— Fundi, yambo. Hii kinga inanisumbua. Niko napanda na mihogo, nafika katikati ya mlima, inazimika. Nikipumzika kidogo, inawaka tena.

— Yambo mama. Hiyo betri imekufa. Mutafute ingine.

Kwenye kinga (baiskeli) ya umeme, betri kwa kawaida ndiyo kipande cha bei kali kuliko vyote. Koperative ikinunua betri ya pili bila sababu, ni feza ya mbegu na mbolea imeenda hivyo. Na mara nyingi kinga inayozimika ku mlima haina betri mbovu. Ina namba ambazo hazikupangwa.

Jirani zetu wamekwisha kuanza safari hii. Kigali kuna pikipiki za umeme. Jinja, huko Uganda, shirika la FABIO linatumia baiskeli za umeme za AfricroozE. Lakini vyombo hivyo vinatoka kwa mtengenezaji vikiwa vimekwisha kupangwa. Sisi leo tunazungumzia seti ya kufunga: moteri, betri, kontrola na skrini, vinavyokuja ndani ya karatoni na kufungwa juu ya kinga ya kawaida. Seti ya namna hiyo haijui itafungwa kwenye kinga gani, itabeba nini, wala itapanda mlima gani. Ni wewe unaiambia, kwa njia ya skrini. Na skrini inaamini kila unachoiambia, hata kama si kweli.

Nani anamwambia nani

Betri inatoa kuranti. Moteri, ambayo mara nyingi iko ndani ya kitovu cha gurudumu, inasukuma. Katikati yao kuna kontrola: kile kisanduku cha chuma chenye nyaya nyingi. Kontrola ndiyo inaamua kuranti kiasi gani iende kwa moteri. Skrini iliyo kwenye usukani inapeleka maagizo yako kwa kontrola.

Kontrola inasikiliza pia vitu vingine vitatu: sensa ya pedali (sahani ndogo yenye sumaku), kishikio cha gazi, na waya wa freni. Ukishika freni, waya huo unaiambia kontrola ikate moteri mara moja.

Kabla ya kugusa kitu, andika

Kwenye skrini nyingi za aina ya S866, na nyingine zinazofanana nayo, unafinya vibonyezo vya kupandisha na kushusha pamoja kwa sekunde kama mbili. Herufi P na namba zinatokea: P01, P02, P03, na kuendelea. Kila P ni swali moja ambalo skrini inakuuliza.

Usibadilishe kitu bado. Pitia zote, uandike kwenye kaye namba uliyoikuta kwenye kila P. Kama uko na telefone yenye kamera, piga foto. Ukikosea baadaye, utajua pa kurudi. Kisha shika kanuni hii: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndiyo uguse kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mara moja, hutajua ni kipi kilitengeneza na kipi kiliharibu.

Tahadhari moja kubwa: skrini si zote sawa. Kwenye skrini za aina ya KT, P1 si mwangaza kama kwenye S866; ni namba ya moteri yenyewe. Basi usichukue namba za jirani ukaziweka kwako kabla ya kuona kama skrini zenu ni za aina moja. Karatasi iliyokuja ndani ya karatoni usiitupe. Namba tunazotoa hapa chini ni za aina ya S866.

Sasa tuiambie skrini kweli tatu: kweli ya betri, kweli ya gurudumu, na kweli ya mzigo.

Kweli ya kwanza: betri

P03 inauliza: betri ni ya volti ngapi? 24, 36 ao 48. Jibu limeandikwa kwenye kibandiko cha betri. Ukiweka 36 wakati betri ni ya 48, skrini itakuonyesha betri imejaa siku nzima, kisha itaisha ghafla ukiwa mbali na nyumbani. Ukiweka 48 wakati betri ni ya 36, itakuonyesha betri tupu hata kama imetoka kuchajiwa.

P15 inauliza: volti zikishuka mpaka wapi, moteri isimame? Hapa ndipo maisha ya betri yanalindwa. Betri inayoshushwa mpaka mwisho kila siku inakufa mapema. Hesabu za kawaida ni hizi:

- Litiamu ya volti 36 (safu 10 za seli): imejaa ikiwa 42, isimame kwenye 31.
- Litiamu ya volti 48 (safu 13): imejaa ikiwa 54.6, isimame kati ya 40 na 41.
- Betri tatu za risasi za volti 12: zimejaa zikiwa karibu 38, zisimame kwenye 31.5.
- Betri nne za risasi za volti 12: zimejaa zikiwa karibu 51, zisimame kwenye 42.

Kontrola nyingine zina hesabu yao ya ndani na hazisikilizi P15. Hata hivyo iangalie. Kuna watu wanaishusha ili "kinga ifike mbali zaidi". Inafika mbali leo, na miezi michache baadaye haifiki popote.

Jambo lingine: ukiwa unapanda, alama za betri zinaweza kushuka kutoka nne mpaka moja, kisha zikapanda tena ukifika juu. Usiogope. Mzigo mkubwa unavuta volti chini kwa muda, sawa vile maji ya bomba yanapungua nguvu majirani wote wakifungua pamoja. Soma alama za betri ukiwa umesimama, si ukiwa katikati ya mlima.

Kweli ya pili: gurudumu

P06 inauliza ukubwa wa gurudumu. Seti nyingi zinakuja na 26. Lakini kinga kubwa nyeusi za mizigo zinazojulikana kwetu mara nyingi ni za 28. Namba iko kwenye ubavu wa tairi. Ukiacha 26 kwenye gurudumu la 28, kila kilomita 14 za kweli zitahesabiwa 13. Kama koperative inalipa mbebaji kwa kilomita, anapunjwa. Na mwendo unaouona ni mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.

P07 inauliza idadi ya sumaku zinazotumiwa kuhesabu mizunguko. Hii haionekani kwa macho; tumia namba ya karatasi ya moteri. Kosa la hapa linasumbua sana, maana linafanana na ubovu. Kinga inaondoka vizuri, inatembea mita chache, moteri inakata. Unapunguza mwendo, inarudi, inakata tena. Tazama skrini: pengine inasema uko kwenye kilomita 60 kwa saa wakati mtoto anakupita kwa miguu. Skrini inaamini umepita mwendo ulioruhusiwa na P08, ndiyo maana inakata. Moteri ni nzima, betri ni nzima. Hesabu ndiyo ya uongo.

Namna ya kupima bila chombo chochote: nenda kwenye uwanja wa mpira, upime mita 100. Endesha mwendo mmoja, skrini ikionyesha 10, mwenzako akihesabu kwa saa ya telefone. Mita 100 kwa kilomita 10 kwa saa ni sekunde 36. Ukitumia 34 ao 38, si mbaya. Ukitumia 20 ao 70, rudi kwenye P06 na P07.

P13 iko karibu na jambo hili: inauliza sahani ya pedali ina sumaku ngapi. Zihesabu kwa kidole: 5, 8 ao 12. Ikikosewa, moteri inachelewa kushika ao inashika kwa kurukaruka.

Kweli ya tatu: mzigo

Hapa ndipo Bukavu inatofautiana na barabara tambarare za mahali pengine. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka ukingo wake sisi tunapanda tu.

Tufanye hesabu. Mwendeshaji kilo 65, kinga na seti yake kilo 30, mihogo kilo 55. Jumla ni kilo 150. Kwenye tambarare, kwa kilomita 15 kwa saa, uzito huo unaomba karibu wati 115. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, hata ukienda polepole kwa kilomita 8 kwa saa, unaomba karibu wati 300. Mwendo umepungua karibu nusu, lakini nguvu inayoombwa ni karibu mara tatu.

Na akiba je? Kupandisha kilo 150 mita 300 juu kunakula wati-saa zipatazo 120, bila kuhesabu joto la moteri na ukinzani wa barabara. Ukivihesabu, na bila msaada wa pedali, betri itatoa 175 ao zaidi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Kumbe mita 300 za kupanda zinaweza kula nusu ya betri, hata kama barabara yenyewe ni fupi.

P14 inauliza: kontrola iruhusiwe kuvuta ampea ngapi? Watu wengi wanaiweka juu kabisa ili kinga iwe na nguvu. Lakini betri nayo ina kikomo chake, kilichoandikwa kwenye kibandiko. Betri iliyoandikwa ampea 15 za kudumu ikifungwa na kontrola iliyowekwa 20, kwenye tambarare hakuna tatizo. Ku mlima kontrola inaomba 20, ulinzi wa ndani ya betri unakataa, unakata kila kitu. Ukipumzika, unafungua tena.

Umemkumbuka mama wa Kadutu? Ugonjwa wake unafanana na huo. Dawa ni P14 iwe chini kidogo ya kikomo cha betri: kwa betri ya 15, weka 13 ao 14. Kwa seti nyingine ampea zimefungwa ndani ya kontrola, na ukibadilisha P14 hakuna kinachobadilika. Hapo dawa ni kutumia ngazi ya chini ya msaada na kupunguza mzigo.

Tuseme kweli pia: ampea zikipungua, kinga itapanda polepole zaidi. Utahitaji kupiga pedali, na mahali pakali utashuka usukume. Hakuna namba ya skrini inayogeuza moteri ndogo kuwa lori. Moteri ikizungushwa polepole sana chini ya mzigo, kuranti inaingia lakini mwendo hautoki. Inageuka kuwa joto na kuunguza nyaya za ndani. Ukiona mwendo umekuwa wa mtu anayetembea, shuka, uachie gazi. Ukifika juu, karibisha mkono kwa moteri: kama ni ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa, ipumzishe. Kilo 55 kwa safari mbili ni bora kuliko kilo 110 kwa safari moja na moteri iliyoungua.

P12 ni nguvu ya kuanza unapopiga pedali. Kwa kinga yenye mzigo nyuma, weka ndogo, 1 ao 2. Ikianza kwa kuruka, gurudumu la mbele linanyanyuka na mzigo unaanguka.

P09 inauliza kama gazi ishike hata kinga ikiwa imesimama (0), ao mpaka kwanza itembee (1). Tunashauri 1. Sokoni watoto wanapenda kugusa vishikio, na kinga yenye mzigo ikiondoka peke yake inaumiza mtu. Zaidi ya hapo, kuanza kutoka sifuri ku mlima ndiko kunakochosha kontrola kuliko kitu kingine.

P08 haikushikilii ku mteremko

Hili mulisome mara mbili. P08 ni kikomo cha mwendo. Ukiweka 20, moteri itaacha kusukuma ukifika 20. Lakini inazuia moteri tu, haizuii kinga. Ukiwa na kilo 150 zinazoteremka, mlima ndio unakusukuma, na mlima hausomi skrini.

Kwa hiyo freni zinakuja kabla ya namba. Kinga yenye seti imeongezeka uzito, na raba za freni zilizotosha jana pengine hazitoshi leo. Kila asubuhi fanya majaribio mawili. La kwanza: sukuma kinga yenye mzigo kwa mkono, shika freni ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kila moja lazima isimamishe. La pili: nyanyua gurudumu lenye moteri, mwenzako alizungushe kwa pedali ao kwa gazi kidogo, kisha shika freni. Moteri lazima ikate papo hapo, kwa mkono wa kuume na wa kushoto. Kama haikati, waya wa freni haukufungwa ao umekatika, na siku utakayoshika freni moteri itaendelea kukusukuma. Kinga hiyo isitoke.

Na kuna miteremko ambayo hata freni nzuri haiwezi na mzigo. Anayejua njia ya Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, anaelewa. Hapo shuka, utembee na kinga yako.

Karatasi mbili: ya mlima na ya uwanda

Kutoka Ziwa Kivu mpaka Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita kama 770, njia inateremka karibu mita 700. Wanachama wa Luvungi na Sange wako kwenye uwanda wa Ruzizi. Wa Kabare na Bukavu wako ku milima. Seti moja, namba tofauti:

- Mlima: P14 chini ya kikomo cha betri, P12 iwe 1, P08 iwe 20, ngazi ya msaada 2 ao 3 ukipanda. Piga pedali kila mara.
- Uwanda: P14 hiyohiyo, P12 iwe 2, P08 iwe 25, ngazi ya 1 ao 2. Hapa kinachomaliza betri ni haraka, hasa upepo ukitoka mbele.

Kinga ikihamishwa kutoka Sange kuja Bukavu, namba zihamishwe nayo.

Ikizimika, uliza swali hili kwanza

Skrini imezimika kabisa, ao iko inawaka lakini moteri haisukumi?

Ikiwa imezimika kabisa, betri yenyewe imekata, ao kuna waya uliolegea. Angalia nyaya, pumzisha, kisha angalia P14 na uzito wa mzigo.

Ikiwa inawaka lakini moteri haisukumi, tazama vitu vitatu: mwendo unaoonyeshwa (ni wa kweli?), kishikio cha freni (kimerudi mahali pake?), na volti (zimefika kwenye kikomo cha P15?). Ikiandika namba ya kosa, isome kwenye karatasi ya seti yenu, maana namba hizo hazifanani kutoka seti moja mpaka ingine.

Ukimaliza hayo yote, betri imechajiwa ikajaa, mzigo ni mdogo, njia ni tambarare, na bado inazimika, hapo sasa mazungumzo ya betri mbovu yana msingi.

Nani ashike namba?

Koperative ichague watu wawili, mama mmoja na papa mmoja, wawe ndio wenye ruhusa ya kufungua mipangilio. Kila kinga iwe na ukurasa wake kwenye kaye: aina ya skrini, volti na ampea za betri, ukubwa wa gurudumu, namba zote za P, tarehe ya mabadiliko na jina la aliyebadilisha. Wanaoendesha wasome ukurasa huo, wasibadilishe kitu njiani.

Tunasema watu wawili kwa sababu mmoja akisafiri ao akigonjwa, kazi isisimame. Na tunasema mama awemo kwa sababu ku milima yetu ni kina mama waliobeba mizigo kwa mgongo miaka yote, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Kinga imekuja kupunguza mzigo huo. Si haki wao wapande tu, na ujuzi wa namba ubaki kwa mwingine.

Kata karatasi hii, uibandike ndani ya kifuniko cha kaye ya kinga. Na siku fundi atakaposema "betri imekufa", mujibu kwa heshima: "Sawa fundi, aksanti. Lakini kwanza tuangalie P14."